Tusitundike ukutani picha tusizoweza kuzitaja

Ada ya mgeni katika nyumba zetu ni kukaribishwa, kuketishwa, kisha kuachwa peke yake kwa muda sebuleni wenyeji wanaposhughulikia chai. Katika dakika hizo chache mgeni hana la kufanya ila kutazama kuta. Nimeketi katika sebule nyingi, za mijini na za mashambani, nami nimeyaona mengi yaliyotundikwa humo: maporomoko ya maji ya nchi za mbali, farasi weupe wakikimbia ufukoni, nyumba za mbao zilizozama thelujini, bakuli la zabibu, kalenda ya benki au ya chama cha akiba na mikopo, na mara nyingi bango lenye aya ya kidini iliyochapishwa juu ya machweo ya jua. Warudipo wenyeji na sinia, huwauliza, "Hapa ni wapi?" Jibu aghalabu huwa kicheko. "Sijui, Mwalimu. Nilizipenda tu rangi zake."

Simlaumu mtu kwa kupenda rangi. Jicho lina haki yake, na nyumba isiyopendeza haimpi mwenyewe raha. Hata hivyo, hoja yangu katika makala haya ni moja, nayo naisema mapema ili msomaji asiihangaikie: kabla hatujaagiza picha ya kutundika nyumbani, sharti tuweze kuitaja. Ni nani aliyeipiga? Ilipigwa wapi, na mwaka gani? Waliomo ni akina nani? Asiyeweza kuyajibu maswali haya asitoe pesa zake bado. Na aanze kwa kuuliza.

Nimepata kuketi katika nyumba moja huko Nyeri ambayo dirisha lake, asubuhi kusipokuwa na mawingu, humwonyesha aketiye ndani Mlima Kenya kuanzia kiunoni hadi kileleni. Mkabala na dirisha hilo palikuwa na picha kubwa ya mlima uliochongoka kama pembe ya ng'ombe. Niliutambua. Ulikuwa Matterhorn, ulioko mpakani mwa Uswisi na Italia. Urefu wa Matterhorn ni mita 4,478, ilhali kilele cha Batian katika Mlima Kenya kina mita 5,199. Kwa hivyo, mwenye nyumba aliketi kila jioni akiwa ameupa kisogo mlima mrefu ili autazame mfupi, tena asioujua jina.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba Mkenya asitundike ila vitu vya Kenya. Huo ungekuwa ufinyu wa mawazo. Lau mwenyeji wangu yule angeniambia kuwa aliwahi kusoma Uswisi, au kwamba mwanawe anafanya kazi huko, au kwamba mlima huo humkumbusha hadithi fulani, ningenyamaza na kunywa chai yangu. Kosa halikuwa umbali wa mlima. Kosa lilikuwa kwamba picha ile haikuwa na la kumwambia, naye hakuwa na la kumwambia mgeni juu yake. Ilikuwa imeziba nafasi tupu ukutani, basi.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi picha moja iliyotundikwa kwa uhakika katika maduka, ofisi na shule zetu ilikuwa ya Rais. Hakuna aliyeichagua, na hakuna aliyeshauriana na mwenziwe kuhusu ukubwa au fremu yake. Mtakalosema kuhusu desturi hiyo ni lenu, lakini angalau kila aliyeitazama alimjua aliyemo. Picha nyingine zote tuliziokota njiani: kwa wachuuzi, katika kalenda, katika kurasa za magazeti tulizobandika kwa gundi. Hatukuzoea kufikiri kwamba picha ni kitu ambacho mtu huenda kukiagiza kwa makusudi, kama anavyomwagizia seremala meza.

Wala si kwamba tulikosa wapiga picha. Pwani yetu ilikuwa na studio tangu zamani. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kazi yake imehifadhi sura za watu na mitaa ya Mji Mkongwe ambazo hazipatikani kwingineko. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambamo maharusi na marafiki waliokwenda kujionyesha walipigwa picha zenye mwanga na kivuli kilichopangwa kwa ustadi. Lamu ilikuwa na Studio ya Bakor. Kivukoni Likoni, wapiga picha wa vibandani waliwasimamisha abiria mbele ya mapazia yaliyochorwa ndege, meli na maghorofa, na mtu aliyesubiri feri akaondoka na picha yake akiwa msafiri wa dunia nzima. Hapa Nairobi alizaliwa Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, na ambaye alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Hapa pia alizaliwa Priya Ramrakha, aliyeuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Sehemu kubwa ya picha za Ramrakha ilikaa kwa miongo kadhaa katika gereji jijini Nairobi kabla ya kufukuliwa na jamaa zake.

Gereji! Hebu tulifikirie neno hilo. Kazi ya mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya kamera ililala gerejini, ilhali sebule zetu zilijaa farasi weupe wa ufukoni.

Hasara ya kutotaja si ya kinadharia. Mwaka 1991 palifanyika jijini New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya ishirini. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa palikuwa na picha za watu wa Bamako, Mali, zilizopigwa kwa ustadi uliowastaajabisha watazamaji. Chini ya picha hizo paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai! Jina lake lilikuwa Seydou Keïta. Alikuwa amefungua studio yake Bamako mwaka 1948, na watu wa mji ule walimjua vizuri sana. Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 picha zake zikaonyeshwa Paris kwa jina lake. Alifariki mwaka 2001, na leo picha zake zimo katika majumba makuu ya sanaa duniani. Ikiwa fundi wa kiwango hicho, aliye hai, katika mji unaomjua, aliweza kuitwa "hajulikani" kwa sababu tu jina lake halikusafiri pamoja na picha zake, sembuse babu yako na bibi yako?

Nimeifikia sehemu inayonihusu mwenyewe, nami nitaisimulia kwa kuwa ndiyo iliyonitia kuandika. Mama yangu ana picha moja ya familia yao iliyopigwa mwaka 1961, mbele ya nyumba ya babu. Ni picha ndogo ya inchi 4 kwa 6. Wamo watu kumi na wawili. Mama ni mtoto aliyeketi chini, miguu mitupu. Ukingoni kabisa, upande wa kulia, amesimama kaka yake mkubwa aliyevaa koti asilolifunga vifungo. Kaka huyo alikwenda kutafuta kazi mbali, akafia huko, na hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa, au angalau iliyotufikia sisi.

Niliamua kumkuzia mama picha hiyo iwe zawadi. Niliipeleka katika duka moja la jijini, nikaagiza ukubwa wa inchi 8 kwa 10 kwa kuwa fremu niliyoipenda ilikuwa ya kipimo hicho. Nililipa, nikarudi siku ya tatu, nikapewa kifurushi kilichofungwa vizuri, nikakipeleka nyumbani bila kukifungua. Mama alikifungua mbele ya jamaa. Alitabasamu, akaipitisha kidole picha kutoka kushoto kwenda kulia akiwataja watu, kisha kidole kikafika ukingoni na kusimama.

"Mwanangu," akasema, "kaka yangu mmempeleka wapi?"

Nilirudi dukani kwa hasira. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. "Mwalimu," akaniambia, "mashine ndiyo ilikata." Mimi ni mtu wa isimu, na sentensi ile niliondoka nayo. Mtendaji ndani yake ni mashine, binadamu hayumo. Lakini ukweli ni kwamba mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikikuzwa mara mbili huwa 8 kwa 12, si 8 kwa 10. Mwenye kuagiza 8 kwa 10 ameagiza inchi mbili zikatwe, hata kama hakusema. Na katika inchi hizo mbili alikuwa amesimama marehemu mjomba wangu.

Basi na tulizungumze suala la kuagiza, maana kupenda picha bila kujua kuiagiza ni kama kupenda wali bila kujua kuosha mchele.

La kwanza ni umbo. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ilikuwa na fremu ya milimita 24 kwa 36, yaani uwiano wa mbili kwa tatu, na kamera nyingi za kisasa zimeufuata uwiano huo. Simu nyingi hutumia tatu kwa nne. Vipimo vya fremu za dukani mara nyingi haviafiki kimoja wala kingine. Mwambie mchapaji waziwazi: usikate kitu, acha ukingo mweupe pale nafasi inapobaki. Na uombe kuonyeshwa picha itakavyokuwa kabla haijachapwa. Fremu ndiyo ifuate picha. Picha isiifuate fremu.

La pili ni ukali wa picha yenyewe. Kwa picha itakayotazamwa kwa karibu, wachapaji hupendelea nukta 300 kwa kila inchi. Hesabu yake ni nyepesi: picha ya inchi 12 kwa 18 huhitaji pikseli 3,600 kwa 5,400. Picha kubwa itakayotazamwa kutoka ng'ambo ya chumba huweza kuvumilia nusu ya nukta hizo. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa. Inapendeza katika kioo cha simu lakini ikikuzwa hugeuka ukungu. Mwombe aliyeipiga akupe ile ya asili. Kwa picha kongwe ya karatasi, iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi: ile ya inchi 4 kwa 6 itatoa pikseli 2,400 kwa 3,600, nazo zinatosha kabisa kwa picha ya 8 kwa 12.

La tatu ni karatasi na wino. Sote tumeona jinsi karatasi ya gazeti inavyogeuka manjano. Ni asidi na lignini ya mti iliyomo ndani yake. Karatasi isiyo na asidi, hasa ya pamba, hudumu zaidi. Wino nao ni wa aina mbili kuu: kuna ule ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, na kuna ule wenye chembechembe za rangi. Wa pili hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ni ghali, lakini uliza; mchapaji asiyejua anatumia wino gani hafai kukabidhiwa picha ya nyanya yako.

La nne ni fremu na mahali. Kioo kisigusane na picha, kwani unyevu ukiingia huzigandamanisha zisitengane tena. Ndiyo maana mafundi wazuri huweka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, na kadi hiyo nayo isiwe na asidi. Kwa wakazi wa Mombasa, Lamu na Malindi, ambako hewa ina chumvi na kuta hutoka jasho, iache nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta ili hewa ipite. Usiitundike picha pale jua la jioni linapopiga. Jua halina huruma hata kwa wino bora. Wala usiiweke juu ya jiko. Na ukitaka itazamike, katikati yake pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Wengi wetu hutundika picha karibu na dari, kana kwamba tunawaficha waliomo wasitoroke. Ikiwa juu ya kochi, upana wa thuluthi mbili za kochi hilo huwa umetosha.

La tano ni haki ya mpiga picha. Kuichukua picha ya mtu katika intaneti, kuikuza na kuitundika, au kumlipa mchapaji akufanyie hivyo, ni kumnyang'anya aliyeipiga jasho lake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzilinda picha kama izilindavyo kazi nyingine za ubunifu. Wako vijana wengi katika nchi hii wanaopiga picha za kupendeza za mitaa, za mashamba ya chai, za reli, za wavuvi, na walio tayari kumuuzia mtu nakala moja iliyotiwa saini. Ukiona nyuma ya picha pameandikwa 3/25, maana yake ni kwamba hiyo ni nakala ya tatu kati ya ishirini na tano, na mpiga picha ameahidi kutozidisha hapo. Nunua kwake. Utapata picha, utapata jina, na utakuwa na la kumwambia mgeni wako chai inapochemka.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya wenye nacho. Mtu anayehangaikia karo na kodi ya nyumba atazungumziwaje karatasi ya pamba? Pingamizi hilo nalipokea kwa heshima. Lakini farasi weupe nao walinunuliwa, na fremu yao ya plastiki ya rangi ya dhahabu haikutolewa bure. Sisemi tununue nyingi. Nasema picha moja yenye jina ni bora kuliko tano zisizo nalo. Wengine watasema picha zao zote zimo simuni. Naam, zimo, maelfu yake, hadi siku simu itakapoibwa katika matatu au kuanguka majini. Picha iliyomo simuni ina mwenyewe mmoja. Iliyotundikwa ukutani ni ya nyumba nzima, na mtoto hukua akiiuliza maswali.

Kuna jambo ambalo lugha yetu hulidokeza. Tunasema kupiga picha, kusafisha picha, kukuza picha, kutundika picha. Kila hatua ina kitenzi chake. Kutaja picha si msemo wa kawaida, kwa kuwa tendo lenyewe si la kawaida. Tendo hilo ni rahisi: penseli laini, si kalamu ya wino, nyuma ya picha, ukingoni, tarehe, mahali, jina la aliyeipiga, na majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha maelezo hayohayo, kwa ufupi, kwenye kadi ndogo chini ya fremu, kwa lugha inayosomwa na watoto wa nyumba hiyo.

Mimi nimelifanya. Picha ya mama niliiagiza upya, inchi 8 kwa 12, na mjomba amerudi mahali pake na koti lake lililo wazi. Niliketi na mama, penseli mkononi, akanitajia watu kumi. Wawili waliosimama nyuma hakuwatambua. "Shangazi yenu angewajua," akasema. Shangazi tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla ya siku hiyo.

Kwa hivyo picha iliyoko ukutani kwetu haijatimiza sharti ninalowatoza wengine. Ina nafasi mbili tupu kati ya majina, nami nimeziacha tupu kwa makusudi, huenda atatokea mzee wa kuzijaza. Ewe msomaji ambaye shangazi yako yu hai, mwendee wikendi hii ukiwa na picha zako na penseli. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo atakuja, atasimama mbele ya ukuta wako, naye atauliza, "Huyu ni nani?"